Godauni kuukuu si gofu

Neno ghala lilitujia kutoka Kiarabu, ambako hutaja mazao yenyewe ya shamba. Waswahili wakaligeuza likawa jina la jumba la kuyahifadhia. Godauni nalo tulilipokea kwa Waingereza, ambao walilitwaa huko Asia, ambako Wamalei husema gudang. Maneno haya yamesafiri na kubadili kazi, na hakuna mwalimu ayaonaye kuwa mabovu kwa sababu hiyo. Ajabu ni kwamba jumba lenyewe likipoteza kazi yake ya kwanza, hukumu tunayolikatia ni moja tu: tingatinga.

Hebu, msomaji mpendwa, tuitazame Rotterdam, nchini Uholanzi. Kati ya 1925 na 1931 kampuni ya Van Nelle ilijenga huko kiwanda na maghala ya kahawa, chai na tumbaku, kwa michoro ya ofisi ya wasanifu Brinkman na Van der Vlugt. Upande wa tumbaku una ghorofa nane, wa kahawa tano, wa chai tatu. Malighafi ilipandishwa hadi juu kabisa, kisha ikashuka sakafu baada ya sakafu ikitengenezwa, hata ikafika chini ikiwa tayari kufungwa na kuvushwa kwa madaraja hadi kwenye maghala ya kupakia. Uzito wa sakafu hubebwa na nguzo za zege zenye vichwa vipana mfano wa uyoga. Kwa hiyo kuta za nje hazikubeba mzigo wowote, zikafanywa za vioo na chuma chembamba.

Kazi ya kiwanda ilikoma katika miaka ya 1990. Jengo halikubomolewa. Liligeuzwa kuwa mahali pa kazi pa wasanifu, wachoraji wa matangazo na wabunifu wa kila namna, na mwaka 2014 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya turathi za dunia.

Lililonivutia zaidi ni jinsi walivyotatua tatizo la vioo. Kioo kimoja chembamba hakizuii baridi ya huko wala joto la kiangazi. Na lau wangeweka vioo vizito vya tabaka mbili, ule wembamba wa chuma unaolipa jengo sura yake ungepotea. Wakauacha ukuta wa zamani ulivyo, wakajenga wa pili wa vioo ndani yake, hatua kadhaa nyuma. Nafasi iliyo katikati ikawa ujia, na papo hapo mto wa hewa unaopunguza makali ya hali ya anga. Aidha, kwa kuwa sakafu hazikugawanywa kwa kuta nzito, mpangaji akiongeza wafanyakazi au akipungukiwa, vyumba hupangwa upya pasipo kuvunja jiwe.

Je, sisi tujenge kuta mbili za vioo? La hasha! Katika Eneo la Viwandani la Nairobi au kandokando ya bandari ya Mombasa, adui ni bati linalochemka adhuhuri. Dawa yetu ni kufungua matundu kwenye kipaa ili hewa moto itoke, kutandika kizuia-joto chini ya mabati, na kuyakinga madirisha ya mashariki na magharibi. Mahali penye paa la asbesto, liondolewe na wajuzi wenye kibali, si vibarua wenye nyundo.

Wapo watakaosema jengo jipya ni nafuu. Pengine, ukihesabu shilingi peke yake. Lakini saruji huchomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake ulimwenguni hutoa takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Zege lililokwisha kumwagwa limekwisha kulipiwa gharama hiyo; kulivunja ni kulipa mara ya pili.

Wala wazo hili si geni kwetu. Kituo cha sanaa cha The GoDown kilianza Nairobi mwaka 2003 katika godauni lililokuwa limeachwa, kikawapa wachoraji, wachezaji ngoma na wanamuziki paa moja. Jengo lile baadaye liliondolewa kupisha jipya. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 humruhusu waziri kutangaza jengo kuwa turathi, ila macho yetu huenda kwa ngome na misikiti ya kale. Nani alikwisha kulitazama bohari la pamba kwa jicho hilo?

Gumu lililobaki ni kodi. Jengo likishang'arishwa, seremala na mshonaji waliokuwa humo hufukuzwa na bei, wakaingia wenye tai. Hapo mimi siwaungi mkono wanaoshangilia kila ukarabati. Mkataba uandikwe mapema: sehemu ya sakafu ya chini itengewe mafundi kwa kodi ya kadiri, na iandikwe hivyo kabla rangi ya kwanza haijapakwa ukutani.