Kujifunza Kusimama: Mafunzo ya Waendesha Pikipiki wa Jinja na Mbale

Neno bodaboda lilizaliwa kwetu mpakani. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia waliwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha Uganda hadi kituo cha Kenya, wakiwaita kwa Kiingereza, mpaka hadi mpaka, na wito huo ukawa jina la kazi. Baiskeli ilikuwa mwalimu mpole: aliyeanguka alijipangusa vumbi akapanda tena. Pikipiki haina upole huo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka humpeleka dereva karibu mita 17 mbele, kabla hata mkono wake haujaminya breki.

Hata hivyo, wengi wetu katika nchi hii ya mashariki tumejifunza pikipiki kama tulivyojifunza baiskeli: jioni moja, katika uwanja wa shule, kaka akikimbia kando. Tulifundishwa klachi na gia, yaani namna ya kuondoka. Namna ya kusimama hatukufundishwa na mtu.

Upungufu huo huonekana barabarani. Alama moja ndefu ya tairi la nyuma lililoburuzwa juu ya lami hutuambia kwamba dereva alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote na kuiacha ya mbele. Husemwa stejini kwamba breki ya mbele humrusha mtu. Ni kweli kwa anayeikamata ghafla, au anayeibana juu ya kokoto hali tairi limegeuzwa. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi huegemea mbele, na tairi la nyuma hubaki jepesi lisiloshika barabara vizuri. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha. Mwalimu mzuri humfanyisha mwanafunzi zoezi hili mahali pakavu pasipo watu: kwanza kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, akiminya kwa vidole polepole na kuongeza nguvu, breki zote mbili pamoja, mara nyingi mpaka mkono uzoee.

Hata waendeshao mashindano, kama wale wa uwanja wa Garuga karibu na Entebbe, hupunguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake, na macho yao hutazama wanakotaka kutokea. Anayelitazama shimo huliingia.

Mazingira nayo yana masomo yake. Mbale kuna milima. Ateremkaye kutoka Kapchorwa akiwa na abiria na gunia, naye ameweka gia huru ili kuokoa mafuta, huzitegemea breki peke yake. Zikichemka hupoteza nguvu. Na ashuke kwa gia ndogo, injini imzuie. Jinja hatari ni malori yaendayo Malaba na Busia, pamoja na matrekta ya miwa ya Kakira. Usipokiona kioo cha pembeni cha lori, dereva wake hakuoni.

Wananchi hutulaumu kwamba vizuizini twauliza karatasi tu. Lawama hiyo ina ukweli wake. Leseni ya daraja A ni lazima kisheria, lakini yule aliyeipata bila kufundishwa huiweka mfukoni tu, mkono wake ukabaki vilevile. Mzazi anayemlipia kijana ada ya shule ya udereva na aulize: je, shule ina kibali cha Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi? Ina pikipiki yake na uwanja, au gari tu? Kijana atafunga breki mara ngapi kabla ya kupelekwa kwenye mtihani?

Helmeti pia ina somo lake, kwani isiyofungwa kamba hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zaonyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40. Abiria naye ana kichwa.

Steji inayotaka kufanya zoezi la breki na imwendee afisa wa uhusiano na jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kinachohitajika ni uwanja mtupu na asubuhi moja kavu. Kila mmoja aje na pikipiki anayofanyia kazi, si ya kuazima, maana breki atakayoishika siku ya hatari ni ya hiyohiyo.