Ukali wa bia hupangwa na sheria kuliko ulimi

Guinness ya pipa inayonywewa Dublin ina kilevi cha asilimia 4.2. Ya chupa inayouzwa Nairobi ina 6.5, na ya Lagos hufika 7.5. Mtu aliyezoea ile ya Dublin akinywa ya Lagos kwa ujazo uleule, kilevi kinachoingia mwilini hukaribia mara mbili.

Wengi hudhani tofauti hii inatokana na hali ya hewa, lakini joto la Lagos halijaipunguza makali bia hiyo. Asili yake ni safari ya baharini: mwaka 1801 Guinness walianza kutengeneza bia ya kupelekwa visiwa vya Karibi, wakaiongezea kilevi na maua ya hopsi ili isiharibike melini. Meli za tanga zimekwisha, ukali umebaki.

Kiwandani, kuupata ukali unaotakiwa si kazi ngumu. Shayiri iliyochipuzwa na kukaushwa, yaani kimea, husagwa na kuchanganywa na maji moto. Wanga hugeuka sukari, kisha hamira hula sukari hiyo na kutoa kilevi. Kimea kikiwa kingi, bia huwa kali. Joto nalo lina uzito wake: kwenye nyuzi 63 hivi hupatikana sukari nyingi ambayo hamira inaiweza, kwenye 72 sehemu kubwa hubaki bila kuchachuka, bia ikawa nzito mdomoni na pungufu ya kilevi.

Swali ni nani anayeamua kipimo. Mara nyingi ni serikali. Nchini Sweden, duka la vyakula haliruhusiwi kuuza bia inayozidi asilimia 3.5, anayetaka zaidi huenda Systembolaget, maduka ya serikali ambayo hufungwa Jumapili. Uingereza imetumia ushuru. Tangu Agosti 2023, bia iliyo chini ya asilimia 3.5 hutozwa chini ya nusu ya kiwango cha kawaida kwa kila lita ya kilevi, na bia ya Carlsberg inayouzwa huko ikateremshwa kutoka 3.8 hadi 3.4.

Sheria huweza pia kuzaa kisichotarajiwa. Mwaka 1919 Ubelgiji ilipiga marufuku pombe kali baani, kwa sheria iliyobeba jina la waziri Emile Vandervelde. Wateja walitafuta mbadala, na watengenezaji bia wakawapa bia kali zaidi. Duvel ya huko ina asilimia 8.5.

Hata namba kwenye lebo inahitaji kuangaliwa. Jimbo la Utah, Marekani, lilipima kilevi kwa uzito, na hadi Novemba 2019 maduka ya vyakula hayakuruhusiwa kuvuka 3.2. Kwa kuwa kilevi ni chepesi kuliko maji, bia hiyo kwa kipimo cha ujazo ilikuwa ya asilimia 4.

Kwa afya, kinachohesabika ni gramu, na zingestahili kuandikwa kwenye kila chupa. Nusu lita ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina gramu 17 hivi za kilevi. Nusu lita ya Guinness ya Kenya ina karibu 26. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyemaliza chupa hiyo ya Guinness saa mbili usiku, saa nne na nusu huenda bado ana kilevi kwenye damu, hata kama anajiona yuko sawa kushika usukani.