Je, Wajua? Hofu ya Mende Inatibika

Baridi ya Juni na Julai mjini Njombe haiwamalizi mende, huwasogeza jikoni. Mdudu huyu hutafuta joto, unyevu na giza, ndiyo maana hukutwa nyuma ya friji au kando ya jiko. Makambako nako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, mizigo hushushwa kila siku, na mende ni msafiri hodari wa ndani ya maboksi.

Duniani kuna spishi zaidi ya 4,000 za mende. Takribani 30 tu ndizo huishi karibu na watu.

Kwa mwenye hofu, mmoja anatosha kumkosesha usingizi. Hofu hiyo si utoto wala deko, na kumkimbia mdudu kila mara huikuza. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alieleza tiba ya kikao kimoja kisichozidi saa tatu: mtu humkaribia mdudu hatua kwa hatua, kwa mfano mdudu akiwa ndani ya chupa iliyofungwa, mpaka moyo utulie.

Mwenye hofu hii asichekwe, wala asirushiwe mdudu kwa utani. Asogee kwa hiari yake.