Tao ya Wachina na Yesu aliye Njia



Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa, wengine wanarudi pia na maswali. Moja ni hili: Tao ya Wachina ni kitu gani? Ni jina la mungu? Mkristo anaweza kulitamka?

Tao (wengine wanaandika Dao) ni neno la kila siku katika Kichina. Maana yake ya kwanza ni njia, kama enzira kwa Kinande. Alama yake ya maandishi inaunganisha kichwa na mwendo. Neno hilo lina maana nyingine pia: kusema.

Wenye hekima wa China ya zamani walilichukua neno hilo la barabarani wakalipa uzito. Kwa Confucius, aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo, Tao ni mwenendo unaompasa mtu: kuheshimu wazazi, kutawala kwa haki. Kwa Laozi, anayetajwa kuwa mwandishi wa Tao Te Ching, kitabu chenye sura 81, Tao ni chanzo cha vitu vyote, nacho hakuna jina linaloweza kukieleza kikamilifu. Kitabu hicho kinapenda mfano wa maji: ni laini, yanashuka mahali pa chini, lakini yanashinda jiwe. Kwa hiyo mwenye hekima halazimishi mambo.

Baadaye ilizaliwa dini yenye mahekalu na miungu mingi. Huko Mkristo hashiriki. Lakini neno lenyewe tusiliogope. Biblia ya Kichina iliyotolewa mwaka 1919, ambayo makanisa mengi ya huko yanaisoma hadi leo, inatumia neno hilo hilo katika Yohana 1:1, mahali ambapo sisi tunasoma Neno. Linabeba pamoja usemi na chanzo cha vitu vyote.

Je, Tao na Yesu ni kitu kimoja? Hapana. Tao ya Laozi haina uso. Haikuiti kwa jina lako, haisamehe dhambi, haikulilii. Lakini Yohana, katika mstari wa 14, anashuhudia kwamba huyo Neno alitwaa mwili akaishi kati ya watu. Hapo ndipo tunapoachana na Laozi.

Sisi wa Beni na Butembo tunajua uzito wa neno njia. Tangu mauaji ya raia yalipoanza mwaka 2014, watu wanaulizana kabla ya kusafiri: barabara ikoje leo? Mwenye hofu hatoshelezwi na kuambiwa kwamba njia ipo. Anataka mtu anayeijua, atembee naye. Ndivyo Yesu alivyojitambulisha kwa Tomaso katika Yohana 14:6: hakumwonyesha njia kwa kidole, alisema Njia ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana waamini wa kwanza waliitwa watu wa Njia (Matendo 9:2).

Basi, ndugu na dada mnaosafiri, mkikaa na Mchina msilidharau neno lake. Mwulizeni analielewaje, mkamsikilize mpaka mwisho. Paulo kule Atene alianzia kwenye madhabahu ya wenyeji (Matendo 17:23). Ninyi anzieni kwenye Tao, kisha mfungulieni Yohana 1, tena katika Biblia ya lugha yake.