Breki za ABS: Mjue Kabla Kikundi Hakijanunua Gari

Kikundi kikishachanga pesa za kununua matatu au pikapu, wanachama huangalia rangi, viti na injini. Breki huulizwa mwisho. Na hali watakaobebwa asubuhi kutoka Kikuyu au Uthiru kwenda mjini ni wanachama wenyewe na watoto wao.

Chukua gari linaloteremka Waiyaki Way kutoka Kangemi kuelekea Westlands. Ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami imekuwa kama sabuni kwa vumbi na mafuta. Gari la mbele linasimama ghafla. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu zote, magurudumu yanaacha kuzunguka, lakini gari bado linaenda! Hata akikata usukani haligeuki, maana tairi linaloburuzwa haliwezi kuelekeza gari.

Hapo ndipo ABS inasaidia. Bosch na Mercedes-Benz walianza kuiuza mwaka wa 1978, na leo imo katika magari mengi yanayotoka Japani. Sensa hupima mwendo wa magurudumu. Gurudumu likikaribia kukwama, kompyuta ndogo hufungua vali, presha ya mafuta ya breki hupungua, halafu hurudishwa, mara nyingi kwa sekunde moja. Dereva atasikia pedali ikigongagonga mguuni. Wengine huogopa wakainua mguu. La, asiinue! Wala asipampu kama madereva wa malori ya zamani. Akanyage tu, na ageuze usukani penye nafasi.

Katika magari mengine sensa hizo hizo husaidia wakati wa kuondoka. Gurudumu likizunguka bure kwenye matope, mtambo hulifunga breki kidogo au hupunguza nguvu za injini. Lakini kwenye matope mazito ya huku kwetu waweza kuwanyima nguvu hadi mkwame kabisa. Tafuteni kitufe cha kuuzima.

Tena, kwenye changarawe gari lenye ABS huenda likasimama mbali zaidi, kwa sababu tairi halipati kurundika mawe mbele yake. Na tairi kipara ni kipara tu, ABS au hakuna.

Siku ya kununua, washeni swichi. Taa ya ABS iwake, kisha izime. Ikibaki imewaka, breki za kawaida huenda bado zinafanya kazi, lakini ABS haipo. Isipowaka kabisa, muulizeni muuzaji: pengine imeondolewa msijue. Wakati mwingine shida ni sensa iliyojaa uchafu, basi fundi aisafishe kwanza kabla ya kuwatuma Kirinyaga Road kununua nyingine.