Kijiji Kilicho Chini ya Bwawa

Mkazi wa Sheffield, au Derby, au Nottingham, au Leicester, katika nchi ya Uingereza, afunguapo bomba la maji nyumbani kwake ni nadra kujiuliza maji yale yatoka wapi, na yalipatikana kwa kumtoa nani kwake. Jawabu limo katika milima ya Derbyshire, kandokando ya bwawa la Ladybower. Lakini apitaye huko majira ya baridi yampasa kujua kwanza ndipo aone, kwa kuwa wakati huo bwawa huwa limejaa, na maji yamefunika kila kitu.

Tulikwenda huko siku moja ya mwezi wa Desemba, sisi na jamaa zetu wakaao Sheffield, wakubwa kwa watoto. Mwezi ule jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi jioni, hata adhuhuri, alasiri na magharibi zote huingia katika muda usiotimia saa nne. Mwenye kutaka kutembea kutwa hana nafasi ya kukawia.

Tulianzia penye daraja refu la Ashopton, tukaifuata njia ya ukingo wa mashariki kwenda kaskazini, maji yakiwa mkono wetu wa kushoto. Sakitu ilikuwa nyeupe juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagwa, na vilima vilikuwa na rangi ya kutu. Maji yalitulia kimya. Asiyejua habari zake angedhani kwamba ziwa lile lipo tangu kuumbwa kwa dunia.

Sivyo. Ashopton ni jina la kijiji ambacho leo hakipo. Mbele yake, penye kijito kiingiacho bwawani, kilikuwapo kijiji cha pili, Derwent, chenye nyumba za mawe, jumba kubwa lililojengwa mwaka 1672, na kanisa lenye mnara mrefu. Miji ya viwanda ilikuwa ikikua, na mabwawa mawili yaliyotangulia katika bonde lile, Howden la mwaka 1912 na Derwent la mwaka 1916, hayakutosha. Basi kati ya mwaka 1935 na 1943 ukajengwa ukuta wa tatu, na vijiji viwili vikahukumiwa kuzama. Baadhi ya wakazi walihamishiwa katika nyumba mpya chini ya ukuta. Hata wafu hawakuachwa: walifukuliwa makaburini wakazikwa tena katika kijiji cha Bamford. Tarehe 25 Septemba 1945 Mfalme George VI alilifungua bwawa rasmi.

Mnara wa kanisa uliachwa usimame peke yake uwe ukumbusho, ncha yake ikitokeza majini. Lakini ilihofiwa kwamba watu wangeuendea wakadhurika, nao ukalipuliwa tarehe 15 Desemba 1947. Daraja la kale la mawe lilipata bahati njema zaidi: lilibomolewa jiwe baada ya jiwe, likahifadhiwa, na mwaka 1959 likasimamishwa tena juu ya bonde, mahali paitwapo Slippery Stones. Daraja liliweza kuhamishwa. Lakini ujirani wa watu haupangwi tena kama mawe.

Katika miaka ya ukame, kama 1976, 1995, 2018 na 2022, maji yalipungua mno na magofu ya Derwent yakaonekana. Watu walimiminika kuyatazama, na mwaka 2018 wako walioyaharibu masalio yale. Twaona kwamba hilo ni kukosa adabu, kwa kuwa pale palikuwa nyumbani kwa watu.

Karibu na ukuta wa bwawa la Derwent lipo jiwe la ukumbusho wa mbwa wa mchungaji, jina lake Tip. Bwana wake, Joseph Tagg, mzee aliyepita miaka 80 na aliyeijua milima ile maisha yake yote, alitoka tarehe 12 Desemba 1953 asirudi. Maiti yake ilionekana tarehe 27 Machi 1954. Tip alikuwa angali hai kando yake, baada ya majuma kumi na matano ya theluji na upepo.

Tuliwaambia watoto kwamba ikiwa mlima ulimchukua mwenyeji wake, mgeni ana haki zaidi ya kujihadhari. Nguo za pamba zikilowa hukaa na maji na kumpokonya mtu joto la mwili. Sufu hubakiza joto hata ikilowa. Chukueni taa, chakula na kinywaji cha moto. Mwambieni mtu njia mtakayoipita na saa mtakayorudi. Wala msikanyage barafu iliyo juu ya maji, hata ikionekana nene.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Hatusemi kwamba mabwawa yasijengwe, kwani miji haiishi bila maji. Twasema tu kwamba wanywao wanalo deni kwa waliohamishwa, na deni hilo huanza kulipwa kwa kuyajua majina yao. Basi mzazi apitaye ukingo ule na wanawe asiwaonyeshe uzuri wa maji peke yake. Na awatajie pia Ashopton na Derwent.