Gesi ya kiyoyozi kila msimu yala mtaji wa mwenye nyumba

WENYE nyumba za kupangisha, nyumba za wageni na maduka ya ukanda wa pwani wanaojaza gesi kwenye viyoyozi kila joto linapoanza, wanalipia mara nyingi tatizo ambalo dawa yake hulipiwa mara moja: kubadili koili ya ndani iliyotoboka.

Joto la Desemba hadi Machi ndilo linalowapa kazi nyingi mafundi wa friji na viyoyozi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Ndicho pia kipindi ambacho mitungi ya gesi na vipuri hutafutwa kwa haraka, na anayenunua kwa haraka hununua ghali. Mwenye mali anayetaka kuokoa fedha hana budi kufanya hesabu yake mapema, kabla mpangaji hajaanza kulalamika.

GESI HAIISHI, INAVUJA

Kiyoyozi si jiko. Gesi yake haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikachukua joto la chumbani kupitia koili ya ndani na kwenda kulimwaga nje. Mashine isiyovuja inaweza kumaliza umri wake wote bila kuongezwa gesi hata mara moja. Fundi anayesema gesi "imeisha" kwa kuwa mwaka umepita, anauza gesi tu, hajatengeneza kitu.

Koili ya ndani ni mirija myembamba ya shaba iliyopitishwa kwenye vibati vya aluminiamu vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mashine inapofanya kazi, koili hii hulowa maji yanayotokana na unyevu wa hewa. Mvuke wa rangi mpya, gundi za samani, siki na baadhi ya dawa za usafi huingiza asidi katika unyevu huo. Asidi huila shaba polepole na kuacha vijitundu visivyoonekana kwa macho, vyenye matawi ndani kama njia za kichuguu. Ndiyo maana tundu moja likizibwa kwa kuchomelea, jingine hujitokeza baada ya muda.

Dalili zake zinajulikana. Chumba huchelewa kupoa, mashine huzunguka bila kupumzika, umeme huliwa zaidi, na barafu huganda kwenye koili au kwenye bomba jembamba la nje. Pahali panapovuja huweza kuonekana doa la mafuta, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi.

Maji yanayodondoka ukutani ni jambo jingine. Mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba, na kulizibua ni kazi ndogo. Hata hivyo, yakidondoka baada ya barafu kuyeyuka, gesi nayo ichunguzwe.

Hatari kubwa iko kwenye kompresa. Kompresa hupoozwa na gesi inayorudi kutoka ndani. Gesi ikipungua, hufanya kazi ikiwa na moto kupita kiasi hadi kuungua. Hapo mwenye mali aliyekwepa gharama ya koili hujikuta akilipia mashine nzima.

HESABU YA MIAKA MIWILI

Bei hutofautiana mji na mji, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme kiyoyozi cha BTU 12,000 kinajazwa gesi kwa sh. 90,000 kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka ni sh. 270,000, na kwa miaka miwili ni sh. 540,000. Tuseme tena kuwa koili, gesi na ufundi kwa pamoja ni sh. 380,000. Kwa kujaza mara ya tano tu, mwenye mali atakuwa ametoa sh. 450,000, na tundu bado lipo palepale.

Mwenye nyumba ya wageni aongeze na usiku ambao chumba kililala bila mteja. Chumba kisichopoa hakipati bei ya chumba kinachopoa.

Lakini si kila mashine inastahili koili mpya. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba gharama ya matengenezo ikikaribia nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine imekwisha kutumika miaka 10 hivi, afadhali kununua mpya. Mashine ya miaka mitatu au minne ni vigumu kuitupa kwa sababu ya koili. Kabla ya yote, risiti na kadi ya dhamana zitafutwe. Huenda koili bado iko chini ya dhamana ya muuzaji.

AINA YA GESI NDIYO MWAMUZI

Kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje huonyesha aina ya gesi. Kwa mwekezaji, herufi na namba hizo ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Ikiwa ni R22, mashine inategemea bidhaa inayoondolewa sokoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 unaolinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilisimamisha ongezeko la gesi za kundi hilo mwaka 2013, zikapunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 ndio ukomo, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani hadi mwaka 2040. Kufunga koili mpya kwenye mashine ya R22 ni kununua kipuri cha gari ambalo mafuta yake yanapunguzwa vituoni.

R410A haiharibu ozoni, lakini nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni mara 2,088 ya hewa ya ukaa. Makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwezi Oktoba 2016 yaliiweka nayo kwenye orodha ya kupunguzwa. Kundi kubwa la nchi zinazoendelea lilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024 na kupunguza asilimia 10 ifikapo mwaka 2029. Gesi hiyo bado ina miaka mingi sokoni, hivyo koili ya mashine yake ni matumizi yenye maana. R32, ambayo nguvu yake ni 675, ndiyo inayoonekana zaidi kwenye mashine mpya. Inaweza kushika moto kwa kiasi, na fundi wake awe mwangalifu.

Gesi hizi hazibadilishani. Shinikizo la R410A linapita la R22 kwa takriban asilimia 60, na mafuta ya kompresa zake ni tofauti. Koili mpya lazima ilingane na mashine ya nje kwa gesi, kwa ukubwa wa BTU na kwa unene wa mirija.

KAZI INAYOSTAHILI KULIPIWA

Kabla koili haijanunuliwa, fundi athibitishe mahali panapovuja. Nati za kuungia mabomba zikilegea huvuja vilevile, na kuzitengeneza ni rahisi mno. Kipimo cha kuaminika ni kufunga naitrojeni ndani ya mfumo na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Oksijeni isitumike kamwe kwa kazi hiyo. Ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo hulipuka.

Koili mpya ikishafungwa, naitrojeni huingizwa tena na geji huangaliwa kama sindano inashuka. Kisha pampu ya vakyumu hutoa hewa na unyevu wote, na kipimo chake kifike maikroni 500 au chini ya hapo. Mwisho gesi huingizwa kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Fundi asiye na pampu wala mizani, anayefukuza hewa kwa kufungulia gesi kidogo na kujaza kwa kukadiria, anaacha unyevu utakaoharibu mafuta ya kompresa. Mwenye mali anaweza kuuliza kuhusu vifaa hivyo viwili kabla ya kukubaliana bei.

KWA WAUZA VIPURI

Koili ni mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa, na vibati vyake hupondeka kirahisi. Mtaji mdogo usitawanywe kwenye kila chapa. Anayejua ni mashine zipi ziliuzwa kwa wingi mjini kwake miaka mitano iliyopita ndiye anayejua koili zipi zitaulizwa leo. Nati na mabomba ya shaba hutoka haraka zaidi, ingawa bei yake hufuata soko la dunia. Mwezi Mei 2024 tani moja ya shaba ilipita dola 10,000 mjini London.

Gesi ya bei ya kutupa iogopwe. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua watu huko Vietnam na Brazil, baada ya kujazwa gesi iliyochanganywa na kemikali nyingine. Mtungi usio na kibandiko kamili, wenye valvu iliyokwisha kufunguliwa au uzito usiolingana na maandishi, hauna nafasi dukani. Hasara ya mtungi mmoja ni ndogo kuliko jina la duka.

Kwa mwenye nyumba, mwezi mzuri wa kubadili koili ni Juni au Julai, kipupwe kikiwa kimetuliza joto. Mafundi wanakuwa na nafasi, bei inazungumzika, na mpangaji anaweza kulala bila kiyoyozi kwa usiku mmoja.